Simba wa Ulm, mchawi wa Ufaransa, pofu wa Drakensberg au nyati wa Swagaswaga: uanze na yupi?

Mdogo wangu wa kike yuko chuo mwaka wa pili, anasoma sanaa, juzi kanitumia voisi ya dakika sita WhatsApp, dakika nne umbea wa nyumbani na mbili za mwisho ndo swali lenyewe: kaka, tumeambiwa kila mtu achague kitu kimoja cha watu wa kale kinachoonyesha kiumbe nusu mtu nusu mnyama, akichambue muhula mzima, na ikiwezekana aende akakione kwa macho, sa mi nichukue kipi? Akaongeza kwamba yeye anataka kile cha zamani kuliko vyote, maana akisema "miaka elfu arobaini" darasa zima litanyamaza.

Nikamwambia tulia kwanza. Umri ni kama namba ya kiatu, haikwambii mguu una nini. Haya mambo nimeyafuatilia miaka kadhaa kwa kujisomea tu usiku, na mi huwa naviuliza maswali matatu: hicho kichwa cha mnyama kipo kweli au ni penseli ya mtu fulani? Unaweza kufika kilipo? Na je kuna mtu wa ukoo huo aliyewahi kufungua mdomo akasema hawa ni nani? Swali la tatu ndo linaloua wengi.

Tuanze na staa mwenyewe, Simba-Mtu wa Ujerumani. Huyu sio mchoro, ni sanamu, kachongwa kwenye pembe ya mamothi, yule tembo wa manyoya wa enzi za barafu, umri wake unakadiriwa kati ya miaka 35,000 na 41,000, urefu sentimita 31.1, yani chukua rula ya shule ongeza kidogo ndo huyo. Mwili wa mtu amesimama wima mikono ubavuni, kichwa cha simba kabisa, na kwenye mkono wa kushoto kuna mistari saba imechanjwa sambamba kama chale. Stori yake ya kupatikana nayo ni sinema, alichimbuliwa tarehe 25 Agosti 1939 kwenye pango la Hohlenstein-Stadel, siku ya mwisho ya kuchimba, wiki moja baadae vita ya dunia ikaanza, vipande vikafungwa kwenye maboksi vikasahaulika miaka 30 mpaka mwanaakiolojia Joachim Hahn alipoanza kuviunga mwaka 1969 akakuta vipande zaidi ya 200 vinatengeneza mtu mwenye kichwa cha simba. Wamerudi kuchimba tena kuanzia 2009 wakaokota vipande vingine, wakamfumua wakamuunga upya.

Uzuri wake ni kwamba hapa hakuna ubishi wa "mi naona pembe, we unaona mkwaruzo". Kichwa ni cha simba. Fundi mmoja, Wulf Hein, alijaribu kumchonga upya kwa vifaa vya mawe kama wale wa kale, ikamchukua zaidi ya masaa 370. Sa fikiria jamii ya wawindaji, baridi kali, watu wanatafuta chakula, alafu wanakubali mwenzao akae masaa yote hayo anakwangua jino la mamothi badala ya kwenda porini. Hicho kitu kilikuwa na maana kwao, tena maana kubwa.

Maana gani? Hapo ndo kimya. Walibishana miaka na miaka kama ni dume au jike, Elisabeth Schmid aliyesimamia kumuunga miaka ya 80 alisema jike, wengine wakasema dume, na hata kukosa manyoya ya shingoni hakusaidii, kwa sababu simba wa mapangoni wa Ulaya wanaochorwa na watu wa wakati ule hata madume hawana manyoya hayo. Kama wanashindwa kukubaliana jinsia basi ujue jina lake, kazi yake, hadithi yake, vyote vimeondoka na wenyewe. Sisi huku ukimwambia mzee wa Singida kuhusu watu-simba atakuangalia vibaya, maana kule miaka ya 1940 kulikuwa na mauaji ya kweli yaliyoitwa ya watu-simba na watu wakafikishwa mahakamani, kwahiyo kwetu neno lina uzito, lina kesi ndani yake. Yule wa Ulm hana kesi wala shahidi. Ni mzuri, ni bubu.

Kumfikia: yuko makumbusho ya mji wa Ulm, kusini mwa Ujerumani, ila kabla hujalipa tiketi hakikisha jengo liko wazi maana makumbusho huwa yanafungwa kwa matengenezo, na viza ya Ulaya unaijua mwenyewe mlolongo wake.

Wa pili ndo yule ambaye karibu kila mtu kashaona picha yake bila kujua, Mchawi wa Trois-Frères, Ufaransa. Mwenye mapembe ya kulungu, macho ya duara kama bundi, mkia wa farasi, miguu ya mtu, kageuza uso anakutazama. Pango liligunduliwa 1914 na ndugu watatu watoto wa familia ya Bégouën ndo maana likaitwa la ndugu watatu. Huyu mchawi yuko juu ukutani, kama mita nne kutoka chini, urefu wake kama sentimita 75, nusu kachorwa kwa rangi nyeusi nusu kachanjwa kwenye jiwe, na ni wa miaka kama elfu kumi na tano iliyopita.

Sa sikiliza. Ile picha unayoijua, yenye mapembe makubwa yaliyokaa vizuri, sio picha ya ukutani, ni mchoro wa padri Henri Breuil alioutoa kwa mkono akiwa ndani ya pango. Ukiangalia picha za kamera, mapembe huyaoni vizuri, na mwanahistoria Ronald Hutton alishasema wazi kwamba Breuil alichora alichotaka kukiona. Upande wa pili Jean Clottes, mtaalamu mkubwa wa mapango ya Ufaransa, ambaye ameingia mwenyewe na kumuona kwa macho, anasema mchoro uko sawa, ni kwamba michanjo myembamba kwenye jiwe haishikiki vizuri na kamera. Nani mkweli? Mi binafsi naegemea kwa aliyeingia, ila sio kwa asilimia zote, maana Breuil huyohuyo ndo alimpa jina la mchawi, baadae akabadilisha akamuita mungu mwenye pembe, na mtu anayebadilisha jina la kiumbe kila akikaa kufikiria anaweza akanyoosha na mstari wa pembe mkono ukiwa hapohapo.

Na wewe huwezi kwenda kukata shauri maana pango limefungwa kwa umma, sio limefungwa Jumatatu, limefungwa kabisa. Kwahiyo ukimchagua huyu ujue unachambua karatasi ya padri. Ambayo nayo ni mada nzuri tu, mtu akiandika kuhusu mkono wa mchoraji anavyoingia katikati yako na jiwe anapata kazi ya maana, ila lazima ukubali mapema kwamba ndo unachofanya, sio ufike ukurasa wa kumi ndo unashtuka.

Ukiwalinganisha hawa wawili wa Ulaya basi Simba-Mtu anashinda mbali kwa kitu cha kushikika, mchawi anashinda kwa ugomvi. Mwanafunzi anayependa ubishi achukue mchawi. Anayependa mikono, vifaa, jinsi kitu kilivyotengenezwa, achukue simba.

Wa Lascaux, pango lingine la Ufaransa, simuweki kwenye mashindano ila nimtaje, yule mtu mwenye kichwa cha ndege anaanguka chali mbele ya baisoni, yule ng'ombe pori mkubwa, aliyemwagika utumbo, mkono una vidole vinne, pembeni kuna kijiti chenye ndege juu. Yuko chini kabisa kwenye shimo. Pango lenyewe liligunduliwa 1940, likafungwa 1963 kwa sababu pumzi za watalii zilikuwa zinaharibu kuta, sa hivi unaona nakala pale Montignac, ile kubwa ya 2016. Nakala ni nzuri, mi sina shida na nakala. Shida yangu ni kwamba kila mwandishi ana stori yake kuhusu yule mtu, mara ajali ya uwindaji, mara mganga kazimia, mara nyota za angani, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzie umekosea.

Kama bado unang'ang'ania umri basi sahau Ulaya, nenda Indonesia. Kisiwa cha Sulawesi, pango la Leang Bulu' Sipong 4, mchoro wa mita kama nne na nusu, nguruwe pori na nyati wadogo wa kule, na mbele yao vijitu vidogo vinane vyenye vitu kama mikuki au kamba, vingine vina mdomo wa ndege, kingine kinaonekana kina mkia. Utafiti uliotoka Desemba 2019 ulisema una miaka isiyopungua 43,900, mwaka 2024 wakapima upya kwa njia nyingine wakasema isiyopungua 48,000. Mdogo wangu aliposikia hiyo akasema ndo huyohuyo! Lakini mtafute kwenye picha uone. Ni vidogo sana, vya rangi nyekundu iliyofifia, ukuta unamenyuka, na pango liko ndani ya eneo la kampuni ya saruji. Mdomo wa ndege au mtu kachorwa haraka? Utaandika kurasa 20 juu ya kitu cha ukubwa wa kiganja ambacho hujakiona.

Haya tuje Afrika, na hapa ndo nitakaa sana maana ndo moyo wangu ulipo.

Milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, upande wa Kamberg, kuna mwamba unaitwa Game Pass. Eneo lote la milima hiyo limejaa michoro ya Wasan, wawindaji wa asili wa kusini mwa Afrika, sehemu kama 600 zenye picha zinazofika 35,000, UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Pale Game Pass kuna pofu, yule swala mkubwa kuliko wote (sio asiyeona, jina tu linachanganya), anakufa. Kichwa kimeinama, manyoya yamesimama, miguu ya nyuma imekatizana. Na nyuma yake kuna mtu kamshika mkia, na huyo mtu naye kakatiza miguu vilevile, na ukiangalia chini hana nyayo, ana kwato.

Miguu ya mnyama imekatizana, miguu ya mtu imekatizana. Hiyo sio bahati mbaya, mchoraji kakuambia kitu, kwamba kinachompata yule ndo kinampata na huyu. David Lewis-Williams, ambaye kamaliza maisha yake yote kwenye hii michoro, alisema hii ni picha ya mganga wa Kisan anayeingia kwenye ngoma ya uponyaji: anatetemeka, jasho linamtoka, damu inamtoka puani, anaanguka, na Wasan wenyewe hali hiyo walikuwa wanaiita kufa. Pofu aliyechomwa mshale wa sumu naye anatetemeka, jasho, anaanguka. Kwahiyo mtu mwenye kwato ni mtu anayekufa kile kifo cha ngoma ili arudi na nguvu ya kuponya wenzake.

Ungeweza kusema haya nayo ni maneno ya profesa tu kama yale ya Breuil. Hapana. Hapa kuna kijana anaitwa Qing. Mwaka 1873 afisa mmoja wa kikoloni, Joseph Orpen, alipita milima ya Maluti, Lesotho ya leo, na huyu Qing, kijana wa Kisan, akiwa ndo muongozaji wake. Wakafika kwenye michoro, wakakuta watu wenye vichwa vya swala, Orpen akamuuliza straight hawa ni nani. Qing akamjibu kwamba hao ni watu waliokufa, sa hivi wanaishi kwenye mito, na waliharibika wakati uleule pofu walipoharibika, kwa zile ngoma unazoziona zimechorwa. Orpen akaichapisha 1874. Miaka hiyohiyo kule Cape Town Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd walikuwa wanaandika maneno ya Wasan wa jamii nyingine, madaftari yenye kurasa kama 12,000, na Bleek akaangalia nakala za Orpen akaona mambo yanaongea.

Jibu la Qing halijaisha mpaka leo. Lewis-Williams anasema "waliokufa" hapo ni kufa kwa ngoma, na kuishi mtoni ni kuwa chini ya maji, namna nyingine ya kusema mtu kaondoka akili. Mtafiti mwingine, Anne Solomon, anasema hapana, mbona mnamzungusha kijana wa watu, kasema wamekufa basi wamekufa, hizo ni roho za marehemu. Mi nikisoma nahisi wote wanaweza kuwa sahihi, maana hata huku kwetu ukimuuliza bibi kuhusu mizimu hakutenganishii vizuri nani kafa na nani kaenda tu. Lakini ona tofauti ya ubishi huu na ule wa mchawi wa Ufaransa. Kule wanabishania kama pembe zipo. Huku pembe zipo, wanabishania neno la mtu mwenye picha. Huo ni ubishi wa daraja lingine kabisa!

Ubaya wa Kamberg: umri hauna mbwembwe, michoro ya eneo lile iliyopimwa inaenda mpaka kama miaka elfu tatu, mingine ni ya juzi tu. Na unapanda mlima kwa miguu na muongozaji, huruhusiwi kwenda mwenyewe. Ila kwa Mtanzania kufika Afrika Kusini hakuna ule mlolongo wa viza ya Ulaya, na ukifika unaona kitu chenyewe, sio nakala, sio karatasi.

Nyumbani sasa. Watu wengi wakisikia michoro ya miambani Tanzania wanajua Kondoa, Kolo, ukishapita Kondoa mjini kuelekea Babati. Iko UNESCO tangu 2006, Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Kolo nenda, unaripoti ofisi ya mambo ya kale, unapewa muongozaji, siku moja inatosha, ila usiende ukitegemea watu-wanyama. Wale warefu wembamba wa Kolo wana vichwa vya ajabu kweli, lakini vingi hata mtaalamu hakwambii kama ni nywele, kofia au kinyago. Ukimpelekea mwalimu hicho atakuuliza mnyama yuko wapi.

Mnyama yuko Swagaswaga. Mkoa huohuo wa Dodoma, kwenye pori la akiba, mwaka 2018 mtafiti Maciej Grzelczyk kutoka Poland alizunguka akakuta miamba 52 yenye michoro, na mmoja, Amak'hee 4, akauchapisha 2021. Umekaa chini ya mwamba uliotokeza hivo jua na mvua haviupati, ndo maana rangi nyekundu bado ipo. Katikati ya watu wengi wamechorwa watatu wenye vichwa vya nyati: kichwa kinabonyea katikati, pembe zinapanda na kufunguka nje, masikio yameshuka chini. Mtu yeyote aliyewahi kumuona nyati, hata kwenye kalenda, anamtambua. Umri kwa makadirio ni miaka mia kadhaa. Kuna atakayesema hiyo sio kabla ya historia, mi namuuliza historia ya nani, kama ni ya kuandikwa basi kule porini ilikuwa bado kabisa.

Na je kuna Qing wa Swagaswaga? Hapa ndo pananinyima usingizi. Wasandawe ndo wanaodhaniwa mababu zao walichora, lugha yao ina vidoko, zile sauti za kudokoa ulimi, kama za Wasan, na wana ngoma inaitwa simbo ambayo wachezaji wanaingia hali ya kuwa simba ili wapambane na uchawi. Eric ten Raa aliyekaa nao aliandika mwaka 1971 kwamba kuna michoro wenyewe waliihusisha na simbo. Kwahiyo mtu kugeuka mnyama wanako, ngoma wanayo, mwamba wanao. Ila simbo ni simba. Wale watatu ni nyati, na Wasandawe wa leo hawana imani inayojulikana ya mtu kugeuka nyati. Kwahiyo ni kama umepewa funguo ya nyumba ya jirani, inaingia kwenye kitasa, haizunguki.

Namibia kuna kile kijiwe cha pango la Apollo 11 (jina ni kwa sababu walikuwa wanachimba mwaka 1969 wakasikia watu wametua mwezini), mnyama kama wa jamii ya paka mwenye miguu ya nyuma inayofanana na ya mtu, kiko kwenye kijipande ambacho nusu yake ilipatikana 1969 na nusu nyingine 1972, umri zaidi ya miaka elfu ishirini na tano. Kizuri sana kama unataka Afrika na umri kwa pamoja, ila miguu hiyo mi nikiangalia Jumatatu ni ya mtu, Jumanne ni ya paka.

Ndo hivo, ukitaka nikuchagulie bila kuzunguka: hela ipo na muda upo, nenda Kamberg, hakuna popote pengine utakaposimama mbele ya mtu mwenye kwato ukiwa na jibu la mtu wa hukohuko mfukoni. Hela hakuna, ni bando tu na maktaba, chukua Simba-Mtu, maana picha zake ziko kila upande na kila kipande kimepigwa picha, huhitaji kufika. Unapenda kugombana, mchawi. Na kama uko tayari kuanza kitu ambacho hakijaandikwa sana, yani karibu makala moja tu unayo na mengine utafute mwenyewe, basi Swagaswaga, ila ujue pori la akiba huingii kama sokoni, kibali ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na unaingia na askari wao.

Mdogo wangu kasikiliza yote hayo, akanyamaza siku mbili, alafu akarudisha voisi fupi safari hii. Kachagua nyati. Kasema ile habari ya funguo isiyozunguka ndo imemkera, anataka akawaulize wazee wa Kisandawe kuhusu nyati badala ya simba, si huwa kila mtu anawauliza simba tu. Barua ya TAWA tunaiandika Jumamosi, na mi nimeshamwambia nauli ya Dodoma natoa, posho ya mkalimani atajua yeye na baba.